Kupiga Hewa Nako ni Kupiga

Tulimwacha Mama Mashine amepiga magoti kwenye majani marefu, kando ya shimo la kumi na saba. Mpira wake hauonekani. Juu ya kichwa chake amesimama Nahodha wa klabu, saa mkononi, anahesabu kama mtu anayesubiri mgonjwa akate roho.

Dakika tatu. Kitabu cha sheria za gofu kinampa mtafuta mpira dakika tatu. Zikipita, mpira umepotea, na mwenyewe arudi kule alikopigia, aanze upya, na adhabu juu yake. Kurudi kule ni mwendo, na muda aliopewa na kamati ulikuwa umebaki kidogo kama sabuni ya jela.

"Dakika moja na nusu imeondoka," Nahodha alisema.

"Nimesikia."

"Nakukumbusha tu, mama. Nyie wageni huwa mnasahau."

Neno hilo lilimwingia kama mwiba wa samaki. Miaka kumi na tisa Mama Mashine amekata nyasi za kiwanja hiki, kwanza kwa fyekeo mpaka viganja vikaota sugu, kisha kwa ile mashine ya kuendesha iliyompa jina. Hakuna kichuguu asichokijua. Nahodha, ambaye kazi yake ni udaktari wa meno, alijiunga miaka kumi na miwili iliyopita, akakuta nyasi zimeshakatwa. Na leo mgeni ni nani? Mama Mashine.

Kwa aliyeingia nasi leo, habari ni fupi. Klabu ilipoanza kupungukiwa na watu, ilifungua lango Jumamosi asubuhi, muda wa saa mbili tu, kwa yeyote anayetaka kujifunza. Walitarajia mabwana wawili watatu wenye magari. Wakaja wapishi, wauguzi, makarani, wasusi, na fundi bomba mmoja na mkewe. Watu thelathini na mmoja, fimbo saba za kuazimana, na mlango wa kuingilia ni ule wa jikoni. Haukupita mwezi, wenyewe wakaanza kuona nyasi zinawasha.

Ndipo Nahodha akapitisha azimio kwenye kamati. Mmoja wa hao wageni acheze mashindano ya kikombe, mashimo yote kumi na nane, amalize kwa muda, arudishe kadi isiyo na kosa. Akiweza, Jumamosi zao zinabaki. Akishindwa, lango lifungwe. Na kwa wema wake, Nahodha akajitolea kucheza naye yeye mwenyewe, awe mwandishi wa kadi yake.

Wema wa mamba, machozi anayo.

"Dakika mbili," alisema.

"Wifi, njoo huku," Mama Mashine aliita. "Achana na hayo majani."

Wifi yake, msusi wa nywele, alikuwa anapekua vichaka na aproni yake ya kazini kiunoni. Ndiye aliyembebea fimbo siku nzima, ndani ya gunia la sukari lililoshonewa mikanda. "Mbona tunaondoka? Mpira umeangukia hapa, nimeuona kwa macho yangu."

"Umeangukia hapo, lakini haukulala hapo. Hapa panateremka. Maji ya mvua yanapokwenda ndiko mpira unakokwenda. Mtaro ule nimeuchimba mimi."

Alikimbia. Mama wa miaka arobaini na tisa, gauni limefungwa fundo gotini, alikimbia mpaka kwenye mtaro, pale pale Nahodha alipokuwa amesimama dakika ile ya kwanza akitangaza muda. Akainama. Katikati ya alama ya kiatu, kwenye tope, palikuwa na kitu cheupe kimekandamizwa kama yai chini ya kuku. Kuzunguka kitu hicho, vishimo tisa vya njumu.

"Mpira huu hapa," alisema.

Nahodha aliangalia saa. Sekunde kumi na moja zilikuwa zimebaki. "Mpira ni mpira. Utajuaje kama ni wako?"

"Una madoa mawili ya rangi ya kucha," alijibu wifi, akihema. "Nyekundu. Nimepaka mimi mwenyewe saluni kwangu. Au na wewe Daktari unapaka?"

Mama Mashine aliugeuza kidogo kwa kidole. Madoa mawili, mekundu, yakatazama juu.

"Daktari," alisema polepole, "ulikuwa umeukanyaga."

"Nilisimama kwenye nyasi za klabu yangu."

"Kitabu kinasema mtu akiukanyaga wakati wa kutafuta, unarudishwa ulivyokuwa, bila adhabu."

Nahodha alitabasamu. Ana meno mazuri, kazi yake ndiyo hiyo. "Kitabu kinasema hivyo. Nani aliniona nikiukanyaga?"

Macho ya Mama Mashine yakaenda kwa mtu wa nne. Huyo aliitwa Bega, mbeba mfuko wa Nahodha kwa miaka kumi na miwili, koti la kijani la wabeba mifuko mwilini, namba kumi na sita mgongoni. Alikuwa amesimama hatua nne kutoka kwenye mtaro tangu mwanzo. Jicho lake ni la kuona mpira mweupe kwenye mchanga mweupe.

Bega alikuwa pia mume wake. Baba wa watoto wake watatu. Siku nzima alikuwa ametembea karibu naye bila kumtupia neno, maana mbeba mfuko ni wa mwenye mfuko.

Bega aliangalia viatu vyake.

"Basi," Nahodha alisema. "Cheza ulipo."

Mama Mashine alichomoa fimbo kwenye gunia. Hasira ilikuwa imempanda mpaka masikio yanavuma. Alipiga. Tope likaruka, likatapakaa kwenye suruali nyeupe ya Nahodha mpaka kwenye mkanda, na mpira ukasogea hatua moja. Akapiga tena. Safari hii ukatoka. Pigo la nne likaufikisha kwenye nyasi fupi, la tano likapita kando ya tundu, la sita likaingia.

Akatoa uzi wa katani mfukoni, akafunga mafundo sita na kitanzi kimoja.

Hiyo ndiyo hesabu yake. Akiwa kazini hufunga fundo kwa kila raundi ya mashine, asije akasahau pa kuishia. Uwanjani, fundo moja ni pigo moja, na kitanzi ni mwisho wa shimo. Alikuwa na nyuzi mbili, wa kwake mfuko wa kushoto, wa Nahodha mfuko wa kulia. Ufundi wenyewe alifundishwa na Bega enzi za uchumba, walipokuwa hawana cha kupeana zaidi ya vipande vya uzi.

Njiani kuelekea shimo la mwisho Mama Mashine alipunguza mwendo mpaka akawa sambamba na Bega.

"Umeona," alisema bila kugeuka.

"Mama watoto, twende. Watu nyuma wanasubiri."

"Nimekuuliza, umeona?"

"Nimeona."

"Na?"

"Na nimebeba mfuko."

Mama Mashine akaongeza mwendo. Shimo la kumi na nane alilicheza kwa mapigo matano, zuri kuliko yote ya siku hiyo, na hakuna aliyempigia makofi isipokuwa wifi yake. Walikuwa wamewahi muda kwa dakika nne.

* * *

Chumba cha kadi ni kidogo. Meza moja, viti vitatu, saa ya ukutani, na picha za manahodha wote waliopita, kila mmoja anakutazama kama umemkanyaga. Mlangoni pameandikwa: *Wabeba mifuko wavue makoti nje.* Kuna misumari ya kutundikia barazani. Kwa nini koti la mbeba mfuko lisiingie chumbani wakati viatu vyenye tope vya mwenye mfuko vinaingia, hakuna aliyewahi kueleza. Bega alilitundika koti lake kama kawaida, akaingia na fulana, akasimama ukutani na mfuko wa Nahodha begani.

Katibu wa mashindano alikuwa mtu mwembamba, miwani puani, sauti ya kusoma tangazo. Alisukuma kadi mbele ya Mama Mashine.

"Hakiki shimo kwa shimo, mama, ndipo utie sahihi. Ukishatia, kalamu haina kurudi nyuma. Kadi ikiwa na pungufu hata pigo moja, inatupwa na mchezaji anatolewa."

"Hana haja ya kuhakiki," Nahodha alisema. "Nimeandika kwa mkono wangu."

"Ndiyo maana nahakiki," alisema Mama Mashine.

Akautoa uzi. Nahodha akacheka. "Katibu, tazama. Tumefika wakati wa kuhesabu kwa kamba za mbuzi."

Mama Mashine aliupitisha uzi kwenye vidole, fundo kwa fundo, midomo ikichezacheza. Shimo la kwanza, sawa. La tano, sawa. La kumi, sawa. Alipofika la kumi na saba vidole vikasimama.

"Hapa pameandikwa tano. Mimi nimepiga sita."

"Nimekupunguzia moja," Nahodha alisema. "Pale topeni nilikuonea huruma."

Katibu alivua miwani, akamtazama. Kila mtu chumbani mle alijua huruma ile ilikuwa ya nini. Angetia sahihi, kadi ingekuwa na pungufu, na Jumamosi za watu thelathini na mmoja zingekufa kwa pigo moja la zawadi.

"Huruma yako ina meno, Daktari," Mama Mashine alisema. "Andika sita."

Katibu akafuta tano, akaandika sita. Mama Mashine akatia sahihi, herufi kubwa kubwa, kalamu karibu itoboe karatasi.

"Sasa mwandishi wa kadi naye atie," Katibu alisema.

Nahodha hakuigusa kalamu. Alitoa kadi nyingine mfukoni, safi, haina hata kunjo, akailaza mezani. "Kwanza yangu. Mwandishi wa yangu ni yeye. Ndiyo desturi, tunabadilishana."

Hapo ndipo lilipokuwa kosa lake, na ni kosa la mtu aliyezoea kubebewa. Siku nzima alikuwa ameshika kadi zote mbili mwenyewe, akisema mikono ya mafuta ya mashine itachafua karatasi. Akajiandikia alama zake zote. Akasahau kwamba mwisho wa safari kitabu kinampa mkata nyasi kalamu.

Mama Mashine aliutoa uzi wa mfuko wa kulia. Tabasamu la Nahodha likapungua jino moja.

"Na mimi pia umenifungia mafundo?"

"Mimi ndiye mwandishi wako, Daktari. Ningefanyaje?"

Aliupitisha taratibu. Saa ya ukutani ikawa inasikika kama mtu anakata kuni. Shimo la kumi na mbili, sawa. La kumi na tatu, sawa.

"La kumi na nne umeandika tano," alisema. "Ni saba."

"Ni tano."

"Mpira wako uliingia chini ya kichaka. Ukainama, ukapiga, hukuugusa. Ukapiga tena, hukuugusa. La tatu ndilo lililoutoa. Kwenye kadi sioni yale mawili."

"Yale nilikuwa najinyoosha mkono."

"Unajinyoosha mkono huku unatukana?"

Katibu alikohoa. Nahodha alisogeza kiti karibu na meza, sauti akaishusha. "Mama, tuelewane. Ile ilikuwa hewa tu."

Ile ilikuwa hewa tu. Mama Mashine alisikia damu inamchemka shingoni. Jumamosi ile ya kwanza kabisa, wifi yake alisimama mbele ya watu wote na fimbo ya kuazima, akapiga hewa mara kumi na moja mfululizo, na wanachama barazani wakashika mbavu. Nahodha ndiye aliyeshika chaki. Akaandika kwenye ubao, *kumi na moja*, akawageukia wote: "Kupiga hewa nako ni kupiga. Hapa hatuhesabu kwa machozi." Ubao ule haukufutwa wiki nzima. Wauguzi wawili hawakurudi tena.

"Ulitufundisha mwenyewe," alisema. "Nilikuwa mstari wa pili."

"Sikiliza." Nahodha aliweka kidole juu ya kadi ya Mama Mashine, ile isiyo na sahihi yake. "Hii bila jina langu ni karatasi ya kufungia vitumbua. Ile bila jina lako ni hivyo hivyo. Weka jina lako, naweka langu. Mimi nachukua kikombe changu, nyie mnachukua Jumamosi zenu. Nani ameumia?"

Msomaji, usiseme ungejibu haraka. Mama Mashine hakujibu haraka.

Mlango ukafunguliwa kwa goti. Alikuwa wifi, alikuwa amesikia yote dirishani.

"Tia sahihi, wifi."

"Umesikia alichofanya?"

"Nimesikia, na yale mapigo kumi na moja ya hewa ni yangu, usinikumbushe. Mkuki kwa nguruwe, najua. Lakini kuna watu karibu thelathini pale nje wamesimama juani wanasubiri jibu. Yule karani amekuja na mama yake. Tia sahihi, tuingie. Haki tutaitafuta tukiwa ndani."

"Tukiingia kwa uwongo tutakaa humo kwa uwongo. Kila Jumamosi atatukumbusha nani alitufungulia."

"Basi atukumbushe, mimi nitakuwa napiga mpira." Wifi alimtupia jicho kaka yake ukutani. "Na huyu je? Ukimwaibisha bosi wake, kesho atabeba mfuko wa nani? Utambeba wewe?"

Bega aliangalia dari.

"Wasiocheza watoke nje," Katibu alisema. "Tafadhali, mama msusi."

Wifi alitoka. Mlango haukufunga vizuri, kivuli chake kikabaki barazani, pale kwenye misumari ya makoti.

Mama Mashine alichukua kalamu. Aliwafikiria wale wa nje. Alimfikiria fundi bomba, aliyejifunza kusukuma mpira kwenye sakafu ya stoo kwa fimbo ya ufagio. Alimfikiria mke wa fundi huyo, anayevua viatu kabla ya kukanyaga nyasi fupi, eti asizichafue, nyasi ambazo nguruwe pori huzilalia usiku. Nani alimfundisha mwanamke yule kuwa yeye ni mchafu kuliko nguruwe? Lango ndilo lililomfundisha. Mlango wa jikoni. Ubao wa chaki.

Kwenye kadi ya Nahodha akakata tano. Pembeni yake akaandika saba, akaizungushia duara. Chini akatia sahihi.

"Haya," alisema, akaisukuma kadi. "Hiyo ndiyo naijua. Tubadilishane sasa, Daktari."

Nahodha alisimama, kiti kikaanguka. "Huyu mwanamke anakata nyasi. Mnaendesha mashindano kwa maneno ya mkata nyasi?"

"Naendesha kwa maneno ya mwandishi wa kadi," Katibu alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya tangazo. "Mchezaji anasema tano, mwandishi anasema saba. Mkigongana, natafuta aliyeona. Nani mwingine alikuwepo pale kichakani?"

Kisha vichwa vyote vitatu vikageuka ukutani.

Bega alikuwa ndiye aliyeshika matawi. Aliyainua kwa mikono yake miwili ili Nahodha apate nafasi ya kupiga. Mapigo yale mawili ya hewa yalimpitia karibu na goti.

"Mbeba mfuko," Katibu alisema. "Shimo la kumi na nne, mapigo mangapi?"

"Kabla hujafungua mdomo," Nahodha alisema taratibu, "kumbuka ndani ya mdomo huo mna nini."

Hapa pana jambo ambalo mtaa mzima unalijua. Miaka tisa iliyopita mpira ulimpiga Bega usoni, ukamng'oa meno mawili ya mbele. Mpira wenyewe aliupiga Nahodha. Na Nahodha ndiye aliyemtengenezea meno ya bandia, bure, kwa mkono wake, akapigiwa makofi kwenye hafla ya klabu. Tangu siku hiyo Bega akicheka anaonyesha yeye ni wa nani.

"Nakumbuka, Daktari," Bega alisema.

Akautua mfuko. Hakuutupa, aliulaza chini kwa adabu, fimbo zisigongane. Halafu akaingiza vidole mdomoni, akavuta, akatoa meno mawili na kile kipande chake cha waridi. Akayapangusa kwenye fulana. Akayaweka mezani, juu ya kadi ya Nahodha.

"Mali yako hiyo," alisema, na maneno yakamtoka yana upepo katikati. "Sasa nasema kwa mdomo wangu. Mapigo saba. Matatu kichakani, nilishika matawi. Na kule kumi na saba uliukanyaga mpira wa mke wangu, ukaukanyagia na kisigino."

Mama Mashine alimtazama mumewe. Uso wenye pengo, umezeeka ghafla miaka kumi, na hakuwahi kuuona mzuri namna ile tangu siku ya posa. Lakini hasira haikuondoka. Ilisogea tu, ikampisha.

"Mmepanga chumbani kwenu," Nahodha alisema. "Mume na mke. Huo ni ushahidi? Katibu, neno la mume juu ya mke halifiki kwenye kamati hata siku moja."

Katibu alifikiri. "Hapo ana hoja. Nikiwapelekea maneno matupu, wataniuliza kingine kiko wapi."

"Kipo," Bega alisema. "Nani alimfundisha huyu kufunga mafundo? Kila mchezaji niliyembebea, nimemfungia uzi. Wa leo uko mfukoni mwa koti. Nimeufunga peke yangu, hajauona. Wekeni wake na wangu, mhesabu."

Nahodha alikaa chini. Kiti kilikuwa kimeanguka, nusura akae sakafuni.

Bega alitoka barazani, akarudi na koti mkononi, akavuka nalo kizingiti kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili. Akaingiza mkono mfukoni. Uzi ukatoka umeviringwa. Akauweka mezani, kando ya ule mkewe aliomfungia Nahodha, kando ya meno.

Katibu alivaa miwani. Aliweka kidole kimoja kwenye uzi huu, kimoja kwenye ule, akaanza kutembea navyo kitanzi kwa kitanzi, akihesabu kwa sauti. Shimo la kwanza, nne na nne. La pili, sita na sita. Nje watu walikuwa wamebana pua zao kwenye kioo cha dirisha. La saba. La kumi. Fundo kwa fundo, nyuzi mbili zilikuwa kama mapacha. Jasho lilikuwa linamtiririka Nahodha kwenye kidevu.

"La kumi na tatu," Katibu alisema, "tano na tano. La kumi na nne..."

Kidole cha kushoto kikaendelea. Kidole cha kulia kikaanguka mezani.

Hapakuwa na la kumi na nne. Uzi wa Bega uliishia kwenye kitanzi cha kumi na tatu. Ncha yake haikuwa imechakaa wala kuvutwa. Ilikuwa imekatwa, mkato mmoja, mnyoofu, mpya, kama kitu kilichopita kwenye mkasi mkali.

"Ulikuwa mzima," Bega alisema. "Nilipotundika koti ulikuwa mzima."

Nahodha alianza kucheka, kwanza puani, kisha kwa meno yote.

Mama Mashine hakumtazama. Alikuwa anatazama mlango, ule usiofunga vizuri. Barazani, chini ya misumari ya makoti, alisimama wifi yake, mgongo umeegemea ukuta, macho ameyainamisha, na mkono wa kulia umezama ndani ya aproni ya saluni, kwenye mfuko ule ule anamoweka mkasi wake tangu alipoanza kazi.

Mama Mashine alikwenda mpaka mlangoni. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya chini kabisa.

"Wifi. Toa mkono mfukoni."